Mtaka pikapu sharti ainame: mabodi ya mizigo kwa kazi za Mwanza, la kwanza hadi la mwisho

Kaa yadi yoyote ya magari ya mtumba hapa Mwanza, iwe Nyakato au Igoma, uangalie watu wanavyonunua pikapu. Wa kwanza hufungua boneti. Wa pili huomba ufunguo, akawasha, akakanyaga mafuta huku ametega sikio kama daktari. Wa tatu hulipiga tairi teke. Sijawahi kuelewa tairi humjibu nini. Wa kulala chali chini ya gari atazame bodi kwa uvunguni utamsubiri mpaka adhana ya magharibi. Na wote watatu walipotoka nyumbani waliaga kwamba wanakwenda kutafuta gari la mzigo.

Mimi nilikuwa yule wa kwanza. Pikapu yangu ya mwanzo ilikuwa dabo kebini inayong'aa, niliinunua kwa sababu injini yake ilikuwa haitetemeki. Mwezi wa nne, nikipandisha mawe ya msingi Bugarika, nikasikia mlio kama debe limekanyagwa. Jiwe moja lilikuwa limepasua sakafu ya bodi na kuning'inia juu ya propela. Fundi aliponivutia ile sakafu, chini ya rangi mpya palikuwa na pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bati, chini ya pati palikuwa na kutu, na chini ya kutu palikuwa na barabara.

"Bosi," akaniuliza, "hili gari ulilinunua mchana au usiku?"

Tangu hapo nimemiliki nyingine mbili, nimetengenezesha mabodi mawili na kushuhudia ya majirani yakikatwa, yakiungwa, mengine yakiuzwa kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu. Daraja ninazozipanga hapa ni za mtu anayebeba mzigo mzito: mawe, kokoto, saruji, nondo, magunia, samaki wa barafu. Kama pikapu yako ni ya kwendea harusini na kurudi na kreti mbili za soda, nunua yenye rangi uipendayo.

Kinacholiua bodi

Watu husema bodi limekufa kwa uzito. Uzito ni mshitakiwa mmoja tu, na mara nyingi siyo yeye aliyeanza.

Tuanze naye hata hivyo. Chukua bodi la Hilux ya kebini moja: urefu kama mita 2.3, upana kama mita 1.5, kina kama sentimita 45. Hiyo ni mita ya ujazo moja na nusu. Mchanga mkavu una karibu kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo, na ukilowa unaweza kukaribia 2,000. Ukijaza mpaka ukingoni umepakia kati ya tani mbili na nusu na tatu, juu ya gari ambalo kiwanda kililipangia takriban tani moja. Kwa hiyo bodi kujaa na mzigo kutosha ni mambo mawili tofauti. Saruji ndiyo inayosema ukweli: mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja kamili, nayo haifiki nusu ya bodi. Mteja akiona nafasi iliyobaki anadhani unamwibia, utingo naye anaongeza mitano "ya kusukumia".

Mshitakiwa wa pili ni kona. Gunia la mpunga la kilo 100 hulala, likagawa uzito wake juu ya mbavu tatu au nne za bodi, vile vyuma vilivyokingama chini ya sakafu. Jiwe la kilo 40 husimama kwa ncha moja, na kabla ya kusimama hudondoshwa kutoka begani kwa mtu. Bati la kiwandani kwa kawaida ni jembamba, aghalabu halifiki milimita moja na nusu. Ugumu wake unatokana na yale makunyanzi yaliyokunjwa ndani yake. Linavumilia mgandamizo uliotandazwa, halivumilii ncha.

Mwaka 2016 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilitengeneza tangazo zima juu ya jambo hili. Matofali ya bustani 55, yenye jumla ya ratili 825, karibu kilo 374, yalimwagwa kwa kijiko cha mtambo ndani ya bodi la chuma la Silverado, kisha ndani ya bodi la alumini la Ford F-150. La chuma likabonyea na kukwaruzika. La alumini likatoboka. Mwamba ngoma huvutia kwake, na Chevrolet alikuwa mshindani, lakini niliipenda kwa sababu nyingine: walihitaji kamera na mtambo kufanya kile ambacho vijana wetu wanaopakia mawe hufanya kila asubuhi bila hata kunywa chai. Huu ni mji wa mawe. Kila pikapu hapa imefanyiwa jaribio hilo.

Wa tatu ndiye mjanja zaidi, naye ni maji yaliyotuama. Watu wa Tanga na Dar es Salaam wana bahari ya kuwalia magari, nao wanajua, wanajihadhari. Sisi ziwa letu ni la maji baridi, tukabweteka. Nenda Mwaloni, Kirumba, uangalie pikapu inayobeba kayabo, yule sangara aliyetiwa chumvi ambaye safari yake mara nyingi huishia Kongo. Ule unyevu wa chumvi unachuruzika njia nzima na kuingia kwenye kila mshono. Samaki wa barafu naye si mwema: barafu inayoyeyuka huteremka na damu na ute, ikakaa kwenye makunyanzi ya sakafu, na Jumapili gari likilala juani pale pale panaanza kuvimba rangi. Dagaa wakavu hawana kesi kubwa. Ni wepesi, wanataka kuta ndefu na turubai kuliko sakafu nene.

Halafu kuna chumvi iliyokuja na gari lenyewe. Pikapu nyingi za mtumba zimetembea Uingereza kabla ya kutufikia, na nyingine zimetoka Japani ya kaskazini, upande wa Hokkaido. Huko majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Tairi huirusha juu, ikajificha ndani ya chasisi na nyuma ya mbavu za bodi. Juu gari ni bibi harusi. Chini ni bibi yake mzaa bibi.

Lala chini kabla ya kupatana bei

Beba vitu vitatu: sumaku ndogo, bisibisi na tochi. Vyote vinaingia mfukoni, na muuzaji akiviona sura hubadilika, jambo ambalo nalo ni taarifa.

Sumaku ipitishe kwenye kuta za bodi, juu ya matuta ya matairi na kwenye kona za sakafu. Isiposhika, hapo kuna pati. Pati kidogo ubavuni ni ajali ndogo ya zamani, nasamehe. Pati sakafuni sisamehi, kwa sababu hakuna ajali inayogonga sakafu kutoka juu. Hapo pameoza pakazibwa.

Bisibisi ni ya chini. Gusa pale mbavu zinapounganika na sakafu, na pale bodi linapokalia chasisi, penye boliti na mipira. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali. Kilichooza hulia bubu, na bisibisi huzama. Ile mipira ya boliti ikiwa imekwisha, bodi linakaa chuma kwa chuma, na kila tuta la barabarani linakuwa nyundo. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari lote ili kuzuia kutu. Inasaidia chuma kweli, ila hulegeza na kuvimbisha mpira, kwa hiyo hapo angalia mara mbili.

Sasa simama ubavuni, hatua tano kutoka gari, utazame mwanya kati ya kebini na bodi. Uwe sawa juu na chini. Ukiwa umepanuka juu na kubana chini, mkia wa chasisi umeshuka: gari hilo limewahi kubeba mzigo mzito uliokaa nyuma ya ekseli, na hakuna bodi jipya litakaloponya hilo. Angalia pande zote mbili. Upande mmoja ukitofautiana na mwingine, chasisi imejipinda. Hapo rudisha sumaku mfukoni, shukuru, ondoka. Nilipata kuona mtu akibembelezwa kwa kupunguziwa laki tano kwenye gari la namna hiyo, akakubali. Laki tano hiyo iliishia kwenye matairi ya nyuma yaliyolika upande mmoja ndani ya miezi michache.

Kuhusu kebini: kwa mzigo mzito, kebini moja humshinda dabo kebini kila siku ya wiki. Bodi la dabo kebini lina urefu wa kama mita moja na nusu tu, na sehemu kubwa ya mzigo huangukia juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa. La kebini moja huuvuta mzigo mbele ya ekseli, ambako chasisi imetengenezwa kuupokea. Najua dabo kebini inabeba na familia kwenda Usagara kuona shamba. Chagua: familia au mawe.

Namba moja: bodi bapa la chuma, la kutengenezesha

Kwa mawe, kokoto, nondo na saruji, sijaona linaloshinda hili. Unanunua pikapu yenye chasisi nzima, hata kama bodi lake limechoka (na bei yake itashuka kwa sababu hiyo hiyo), unaling'oa lile la kiwandani, unachomelewa jingine bapa lenye kuta za kufunguka pande tatu. Kuta zikifunguka, jiwe halidondoshwi kutoka juu. Linasukumwa kutoka ubavuni. Utingo wako atakushukuru na sakafu pia.

Uzuri au ubaya wake wote uko kwa fundi, na mafundi wetu wengi ni hodari wa kuchomelea lakini wanaamini unene unatibu kila kitu. Jirani yangu alitandikiwa bati la milimita 6. Tupige hesabu. Kila milimita moja ya unene wa chuma ina karibu kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Bodi la mita 2.4 kwa 1.7 lina mita za mraba 4.08. Kwa milimita 6 sakafu peke yake ni kilo 192. Kwa milimita 3 ni kilo 96. Jirani anatembeza karibu mifuko miwili ya saruji isiyo na mteja, kila tripu, mwaka mzima, na mafuta anayanunua yeye.

Milimita 3 inatosha. Ukilinganisha na milimita 2, ugumu wake wa kupinda ni zaidi ya mara tatu, kwa sababu ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Lakini siri haiko kwenye bati, iko kwenye mbavu zilizo chini yake. Ukizisogeza mbavu zikawa karibu mara mbili ya zilivyokuwa, kubonyea kwa bati kati ya ubavu na ubavu hupungua karibu mara nane. Kwa hiyo mwambie fundi mbavu kila sentimita 30, umpimie kwa futi ukiwa umesimama pale, maana akikuzoea utakuta 50.

Mengine ya kumsisitizia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mabodi mengi mazuri huharibikia:

Asichomelee bodi kwenye chasisi. Kamwe. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma cha chasisi pale pale kinapohitajika, na ufa huanza pembeni mwa mshono. Bodi lifungwe kwa yu-boliti, zile zilizopindwa kama herufi U, likikalia mihimili miwili mirefu inayofuata chasisi, na kati ya mhimili na chasisi kuwe na ubao mgumu mwembamba uliolala urefu wote. Ule ubao unameza mtikisiko na kuzuia chuma kusagana na chuma. Asitoboe matundu mapya kwenye bapa la juu wala la chini la chasisi. Kama lazima atoboe, ni ubavuni tu, na afuate yaliyokuwapo kwanza.

Boliti za mbele zisibanwe kwa ukaidi. Chasisi ya pikapu imeumbwa ijipinde kidogo inapopita kwenye mashimo, na barabara zetu za kupandia milimani zina mashimo ya kutosha kuijaribu. Bodi gumu lililofungwa kama jiwe mbele hupasuka kona za mbele. Pale wengine huweka mpira au springi fupi chini ya nati ili bodi lipumue.

Kabla hajaanza kuchomelea chochote karibu na gari, achomoe betri. Nimesema.

Mabomba ya mraba yaliyozibwa pande zote ni mapipa ya kutu. Maji huingia kwa tundu la sindano na hayatoki. Mwambie atoboe vitundu vya kutolea maji upande wa chini, na apake rangi ya zinki kila kiungo kabla ya kukifunika, maana ukishafunika brashi haifiki tena. Rangi ya juu unaweza kumwachia achague mwenyewe, mradi asikuandikie "Mungu Mkubwa" herufi zikazidi ukubwa wa namba ya gari.

Karatasi moja ya bati ya futi 4 kwa 8 ni karibu mita za mraba 3, na ya milimita 3 ina uzito wa kama kilo 70. Kwa bodi la vipimo nilivyotaja utahitaji karatasi moja na nusu kwa sakafu, kisha uongeze za kuta. Nunua mwenyewe dukani, ubebe mwenyewe na kipimo cha unene mkononi. Bati la "mm 3" la maneno na la kipimo huwa hawafahamiani.

Namba mbili: fremu ya chuma, sakafu ya mbao

Watacheka, waache. Mabodi mengi ya Canter na Fuso unayoyaona yakitoka na ndizi Bukoba yana mbao sakafuni, na wenye nayo si wajinga. Ubao mgumu wa inchi moja na nusu hulipokea jiwe kwa namna ambayo bati haliwezi: unabonyea kidogo, unachubuka, unabaki. Na ukipasuka, unapasuka ubao mmoja. Unafungua boliti nne, unaweka mwingine, jioni uko kazini. Bati likipasuka unatafuta fundi, umeme, rangi, na siku mbili.

Tumia mninga au mkaratusi uliokauka vizuri. Msonobari, ule wa Buhindi au wa Rubya kule Ukerewe, ni mzuri kwa kuta za kuongezea wakati wa kubeba dagaa au mkaa, ila kwa sakafu ya mawe ni laini mno. Acha mwanya wa kama milimita 5 kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na pita chini na brashi ya oili chafu kabla ya masika. Huku hakuna mpira wa kuumia kama umefunga vizuri.

Kwa nini si namba moja? Samaki. Mbao hunywa maji ya samaki, na harufu hiyo haitoki. Ukishabeba sangara mara tatu, mteja wako wa magodoro umeshampoteza. Na kokoto hupenya kwenye mianya; ukibeba sana, tandika bati jembamba juu.

Binafsi hili ndilo ninalotembea nalo sasa, ingawa nimeliweka namba mbili. Mawe nabeba mara mbili kwa wiki, samaki sibebi kabisa.

Namba tatu: bodi la kiwandani, zima, lenye mpira mzito

Kwa wengi wanaosoma hapa hili ndilo jibu lao, kwa sababu mzigo wao ni mchanganyiko: leo mifuko ya saruji, kesho friji la shemeji. Bodi la kiwandani ni jepesi, limepimwa kukaa sawa na springi za gari, na likiwa halijaoza linavumilia tani yake moja miaka mingi. Linachokosa ni ngozi.

Ngozi bora ni mpira mnene uliotandikwa tu, usiogundishwa. Kuna wanaouza vipande vya mikanda ya kusafirishia mawe ya migodini, vyenye nyuzi ndani. Ukikuta kipande kinachoenea sakafu yako, usiulize mara mbili. Mpira wa namna hiyo hueneza ile ncha ya jiwe juu ya eneo kubwa zaidi, na hilo ndilo tatizo letu lote. Kila Jumamosi uvute nje, osha sakafu, fungua matundu ya maji yaliyo kwenye kona kwa waya, acha bodi likauke kabla ya kuurudisha. Dakika ishirini.

Kati ya magari yenyewe, Land Cruiser ya mfululizo wa 70, kebini moja, ina chasisi ninayoiamini zaidi, ila bei yake unaijua na wezi wanaijua pia. Hilux na Isuzu ni chaguo la mtu anayefanya hesabu, vipuri vipo hadi Magu. Siingii kwenye ugomvi wa Ranger na Navara. Niliowahi kuwasikia wakiugombania hawakubeba mawe.

Namba nne: bodi la kiwandani lenye rangi ya mpira ya kunyunyiziwa

Ni kitu kizuri kinachosifiwa kuliko kazi yake. Ikinyunyizwa juu ya chuma kisafi hushikana nacho, maji hayapiti chini, mzigo hautelezi. Dhidi ya kutu na mikwaruzo, sawa kabisa. Dhidi ya jiwe la itale haisaidii kitu, bati bado litabonyea, na litabonyea pamoja na ngozi yake. Anayebeba samaki kwenye kreti, kwake hii naipandisha hadi namba mbili. Hatari yake ni kwa mnunuzi wa mtumba: rangi nene nyeusi iliyopigwa juzi ni blanketi. Ingia chini uone imefunika nini.

Namba tano: bodi lenye bakuli la plastiki

Lile la kudumbukizwa, linalofunika sakafu na kuta. Linapendeza siku ya kwanza. Mchanga huingia kati ya plastiki na bati, gari likitikisika mchanga husugua rangi usiku na mchana, maji nayo yanaingia na hayaoni jua. Nimeinua mabakuli kadhaa ya hayo katika kutazama magari ya kununua, na mawili chini yake niliona ardhi. Ukikuta gari unalolipenda lina bakuli, sharti la kwanza ni muuzaji alitoe. Akisema boliti zimegoma, na wewe goma.

Namba sita: alumini

Kwa mawe, ulishasoma yaliyompata Ford. Ni nyepesi na haioti kutu ya kahawia, ila ikigusana na boliti za chuma penye maji ya chumvi huanza kuliwa yenyewe, ikatoa unga mweupe kuzunguka boliti. Kuiziba tundu kunahitaji fundi mwenye mashine na mkono wa alumini, ambao si kila gereji wanao. Anayebeba samaki wa barafu peke yao, na ana fedha, sakafu ya alumini yenye mteremko mdogo kuelekea nyuma na boliti zilizotengwa kwa washa za plastiki itamfaa kuliko zote nilizozitaja. Wengine tupite.

Kirikuu haipo kwenye orodha

Nimeulizwa mara nyingi. Kirikuu, zile Suzuki Carry na ndugu zake, zilitengenezwa Japani kwa sheria ya magari madogo: injini isiyozidi cc 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Ninaiona pale sokoni Mlango Mmoja ikipakiwa kumi na tano, nyuma imekaa chini kama bata, mbele usukani unaelea. Kwa mboga, mikate na maji ya chupa haina mpinzani kwa mafuta. Ukiipakia mawe, bodi litakuwa la mwisho kufa, vingine vitatangulia.

Majani ya kuongeza

Mtu akishatengeneza bodi imara hukimbilia kuongeza majani ya springi. Sina ugomvi na jani moja la msaada, linaondoa ile hali ya gari kuchuchumaa. Ila springi haikuongezei tani. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile zilizopangiwa tani moja, na sasa huoni tena gari likikuonya kwa kushuka. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, pikapu za Sengerema na Geita hazipangi tena foleni ya kivuko, zinapita moja kwa moja, na tripu zimeongezeka. Fundi wangu anasema anabadilisha beringi za nyuma mara nyingi kuliko zamani. Matairi yawe ya mzigo, yenye herufi C au LT ubavuni, na upepo ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva kwa gari lenye mzigo. Ule wa kukisia kwa teke mwachie yule wa yadini.

Na mlango wa nyuma wa bodi si sakafu. Ukiwa umefunguliwa unashikwa na minyororo au mikanda miwili na bawaba mbili, basi. Watu watatu wakisimama juu yake kupokea friji, bawaba ndizo hulipa. Ukipakia vitu virefu kama nondo, uzito ukae mbele, nondo zifungwe kwenye fremu ya nyuma ya kebini na si kwenye mlango.

Siku unakabidhiwa bodi, jipya au la gari ulilonunua, egesha mahali tambarare, mwaga ndoo mbili za maji sakafuni, subiri dakika kumi. Angalia yanakokimbilia. Yakituama mahali, pazungushie chaki, umwite fundi aone kwa macho yake, na hela ya mwisho ibaki mfukoni mpaka pakauke.